Kompyuta ya Ng'ombe Mmoja

Ng'ombe aliuzwa Jumamosi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulikuwa umeshatoa hukumu. Tunduma hakuna siri inayolala. Malori yanakaa foleni kutwa, madereva hawana kazi ila kuongea, na mama lishe wanaowauzia chai wanabeba maneno kutoka gari moja hadi jingine. Ferista naye alikuwa mmoja wa hao mama lishe, kwa hiyo habari za nyumba yake zilimrudia akiwa ameshika birika mkononi.

"Eti Andongwisye kauza ng'ombe anunue kompyuta? Huyo mzee kalogwa!"

"Kalogwa na bintiye," Ferista akajibu, huku akimimina chai bila kuinua uso. "Lete mia tano yangu."

Alijibu hivyo barabarani, lakini moyoni alikuwa na lake. Andongwisye, mumewe, alikuwa mnunuzi mdogo wa mahindi pale soko la mazao, mtu wa kushinda juani na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili uone kilichomo. Mali yake yote ilikuwa bambo hilo, baiskeli, na ng'ombe jike mmoja aliyekuwa akitunzwa na mdogo wake milimani Ileje. Ng'ombe huyo aliitwa Sikujua. Sasa Sikujua ameshapanda lori la mnunuzi, na kilichobaki ni milioni moja iliyofungwa kwenye kanga ya Ferista.

Ni Jenista aliyesababisha yote hayo. Binti yao wa pekee alikuwa anahariri video za kwaya katika studio ya kijana mmoja aitwaye Lucky, karibu na stendi. Kazi yote ilikuwa yake, kukata, kuunga, kulinganisha sauti na midomo ya waimbaji, lakini video ikifika mwisho linatokea jina la Lucky kwa herufi za dhahabu. La Jenista halikuwahi kutokea hata kwa herufi za mkaa. Siku alipoliomba, Lucky alicheka mpaka akashika tumbo. "Jina lako? Kwani kompyuta ni ya mama yako?"

Jenista akachukua mkoba wake, akaondoka. Osea, mwalimu wa kwaya ya Ihanda, alipopata habari alimfuata nyumbani.

"Binti, mimi si kipofu. Najua mikono iliyotengeneza video zetu ni ya nani. Hii mpya nakupa wewe, ukiwa na mashine yako. Lakini uzinduzi ni Jumapili ya mavuno, wageni wameshaalikwa. Mpaka Ijumaa sijaiona video, narudi kwa Lucky, na usinilaumu."

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Ijumaa ikifika bila video, ng'ombe amekwenda, kazi imekwenda, na Jenista anarudi kubisha hodi kwa mtu aliyemcheka.

* * *

Walianzia kwa Lucky, kwa sababu Andongwisye alitaka kitu kizima, kipya, kilichofungwa kwenye boksi lake. Mbele ya studio Lucky alikuwa na duka, na ndani ya kioo ilikaa kompyuta moja yenye taa zinazobadilika rangi, mara nyekundu, mara kijani. Mzee alisimama mbele yake akiitazama kwa mapenzi ya wazi kabisa.

"Shikamoo mzee," Lucky akasema. Kisha akamtupia Jenista jicho. "Umerudi? Nilijua tu."

"Marahaba, mwanangu. Hii bei gani?"

"Milioni moja na laki nane. Kwa sababu ni wewe, moja na laki saba."

Andongwisye akakohoa. Akauliza kama kuna ndogo yake, ya milioni moja. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kutolewa kopi wakageuka kumwangalia, kandambili zake na vumbi la mahindi kwenye nyusi.

"Kwa milioni moja, mzee, nakupa kibodi na mausi," Lucky akasema, na wale wateja wakacheka. "Utamwambia binti awe anaandika hewani."

Jenista alihisi masikio yakiwaka. Si kwa ajili yake, alishazoea. Ni kwa baba, aliyekuwa anatabasamu kama mtu asiyejua kuwa anachekwa, naye anajua sana.

"Baba, twende," akasema. "Nitaiunga mwenyewe. Tutanunua kifaa kimoja kimoja."

"Kuiunga!" Lucky akapiga makofi. "Kompyuta si ugali, dada, eti unakoroga tu unapakua. Haya, kila la heri. Mlango huu huwa sifungi."

* * *

Sasa, Andongwisye hakujua kompyuta, lakini kununua alijua. Tunduma watu wanaunga malori mazima, injini ya huku, boksi la gia la kule, na lori linafika Lubumbashi na kurudi. Kwa nini lishindikane sanduku la mezani? Njia nzima ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, alimtaka bintiye amweleze kila kifaa, na Jenista alimweleza kwa lugha ya nyumbani.

"Prosesa ndiyo yenye akili, baba. Madabodi ni bamba ambalo vingine vyote vinachomekwa, lazima likubaliane na prosesa, la sivyo ni kama ufunguo wa nyumba nyingine. Ramu ni meza ya kufanyia kazi, ikiwa finyu vitu vinadondoka. Kadi ya picha ndiyo inayobeba video. Halafu kuna diski ya kutunzia, na pawa saplai ya kugawa umeme kwa wote."

"Kwa hiyo pawa saplai ndiyo mama lishe," mzee akasema.

"Hapo umemaliza, baba."

"Basi hiyo tutaichagua vizuri. Mama lishe akiwa mbovu, kambi yote inaumwa tumbo."

Ng'ambo, nyuma ya maduka ya vitenge, alikuwepo mama mmoja Mzambia aitwaye Bana Mwape, anayeuza vifaa vya kompyuta zilizotoka maofisini. Meza yake haikuwa na taa wala kioo. Ilikuwa na kitambaa safi, skrini moja ya kupimia, na yeye mwenyewe na miwani yake.

"Mulishani mukwai, batata," akamwamkia mzee kwa Kibemba, akimwita baba, kisha akageukia Kiswahili chake cha biashara. "Mnataka nini? Mimi napima hapa hapa, unaona na macho yako."

Jenista akachagua, na alivyochagua ilikuwa raha kumtazama. Prosesa mpya ilikuwepo, akaiacha, akachukua ya miaka ya nyuma kidogo yenye nguvu ileile kwa bei ya nusu. Akaishika madabodi kwenye mwanga, akahesabu vishimo vya ramu, akanusa kama kuna palipoungua. Kasha lenye taa hakulitazama mara mbili, akaenda kwenye lililopauka lakini lenye nafasi ya hewa. "Uzuri hauhariri video," akamwambia baba yake. Pesa iliyookolewa kwenye kasha ikaenda kwenye diski mpya na skrini, iliyookolewa kwenye prosesa ikaenda kwenye kadi ya picha. Bana Mwape alipunguza hapa, akakaza pale, akacheka. "Huyu mtoto anajua! Batata, huyu hamwezi kumwibia."

Mwisho akaweka mezani pawa saplai, ya rangi ya kijivu, iliyotumika, isiyo na madoido. "Hii ilikuwa benki. Waya zake nene. Chukua."

Andongwisye akanyoosha mkono kabla ya bintiye. Akainyanyua. Akaipima mkononi, juu, chini, juu, vile anavyopima ndoo ya mahindi. Uso ukakunjamana.

"Nyepesi," akasema.

"Baba, si lazima iwe..."

"Nyepesi, Jenista. Mahindi makavu mazuri yana uzito wake, na kahawa iliyojaa ina uzito wake. Kitu chepesi ni pumba. Miaka yote hii sokoni nani amewahi kuniuzia pumba?"

Jenista alijua kuwa baba amekosea, akanyamaza. Ungefanya nini wewe? Mzee kauza ng'ombe wake wa pekee kwa ajili yako, halafu umbishie mbele ya mama wa ng'ambo? Bana Mwape naye alimtazama tu, akairudisha pawa saplai yake chini ya meza.

* * *

Nzito walikuja kuipata kwa Lucky. Ilikuwa mpya, nyeusi, ndani ya boksi lenye picha ya simba, na juu yake imeandikwa wati mia saba. Tena bei yake ilikuwa ileile ya pawa saplai iliyotumika ya Bana Mwape. Andongwisye alipoinyanyua, mkono ukashuka, na uso ukanyooka.

"Enhee! Hii sasa ndiyo kitu."

"Mzee una jicho," Lucky akasema. "Hii ndiyo wanayochukua wanaojua."

"Waya zake nyembamba," Jenista akasema kwa sauti ya chini. "Na wati mia saba kwa bei hii, baba, hapana."

"Dada kasomea yutyubu," Lucky akamwambia mzee, wakacheka wote wawili. Jenista aliumizwa zaidi na kicheko cha pili, kile cha baba yake.

"Uzito hausemi uongo, mwanangu," Andongwisye akasema akitoa pesa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wakaondoka nayo. Mzee aliibeba mwenyewe, begani, akisalimia kila anayekutana naye.

* * *

Jumatano mchana meza ya chakula iligeuka karakana. Ferista aliondoa vyombo, akatandika kitambaa kinachotandikwa akija mchungaji, akasimama pembeni mikono kifuani. Jenista akafunga skrubu moja moja. Alipomaliza, mama akaomba sala fupi, akataja prosesa, akataja ramu, akamtaja hata Sikujua popote alipo.

"Amina. Haya washa."

Feni ikazunguka. Skrini ikang'aa. Ferista akapiga kigelegele kilicholeta majirani mpaka dirishani, na Andongwisye akajipiga kifua. "Nilisema! Nilisema mimi!" Kuanzia saa hiyo Jenista hakunyanyuka. Mashine ilikimbia kuliko ya Lucky. Waimbaji wa Ihanda wakapita kwenye skrini na sare zao za zambarau, akawakata, akawaunga, na mpaka Alhamisi saa nane mchana video ilikuwa imekamilika, imebaki hatua ya mwisho tu, pale mashine inapofanya kazi kwa nguvu zake zote kuunganisha vipande vyote kuwa kitu kimoja.

Akabonyeza. Feni zikapandisha mlio. Asilimia kumi, ishirini, thelathini.

Paa!

Ulikuwa mlio mdogo, si mkubwa kuliko bisi ikipasuka. Skrini ikazimika. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kasha, na harufu ya kitu kibaya ikajaa nyumba. Jenista akachomoa waya ukutani, kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti, kama mtoto. Watu wakachungulia dirishani tena. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.

Andongwisye ndiye aliyeitoa ile pawa saplai, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa na nyaya chache, vijidude viwili vitatu vilivyoungua, na kando, kimegandishwa kwenye bati kwa ustadi, kipande cha saruji. Saruji! Akakibandua. Kilijaa kiganja. Akabaki amekishika.

"Mawe," akasema. "Wamenitilia mawe kwenye gunia."

"Baba Jeni," Ferista akaanza, naye akianza huwa haishii karibu. "Kila siku unakuja hapa unatusimulia ulivyowakamata wenye mawe. Unajua wanaweka mawe kwa sababu kuna watu wanaonunua kwa mkono, bila kuchoma bambo! Mtoto alikwambia. Mtoto alikwambia waya nyembamba! Asiyesikia la mkuu, eh? Haya, leo mkuu ndiye kavunjika guu, tena kavunja na la mtoto!"

Mzee alikaa na saruji yake mpaka chai ikapoa. Kisha akamgeukia bintiye, na maneno yalimtoka kwa shida, maana baba wa milimani hakufundishwa kusema maneno hayo.

"Jenista. Ulijua kule Nakonde, ukaninyamazia. Usininyamazie tena." Akakiweka kipande cha saruji mezani. "Na hivyo vingine? Vimeungua?"

"Sijui, baba. Pengine vyote. Pengine hakuna. Hatuwezi kujua mpaka tupate pawa saplai nzuri."

"Na pesa?"

"Imeisha."

Andongwisye akasimama, akaenda uani. Akarudi na turubai.

* * *

Pale soko la mazao kuna desturi, na kila anayekula kwa mgongo wake anaijua. Mtu akikutwa ametia mawe kwenye gunia hapigwi, hatukanwi. Gunia lake linamwagwa kwenye turubai mbele ya mlango wake, mawe yanawekwa juu, basi. Kuanzia hapo hakuna mchukuzi anayegusa mzigo wake mpaka alipe gunia zima, na debe moja juu yake kwa ajili ya aibu.

Ijumaa asubuhi Andongwisye alitandaza turubai lake mbele ya duka la Lucky. Akaweka bati la pawa saplai lililofunguliwa. Juu yake akaweka kile kipande cha saruji. Kisha akasimama kando, bambo mkononi, Jenista pembeni yake.

Lucky alitoka mbio. "Mzee, unafanya nini? Ondoa uchafu huu mlangoni kwangu! Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa pale ukutani. Hapa si soko la mahindi!"

Lakini turubai lilikuwa limeshaonekana. Wachukuzi walikuwa wanashusha maboksi ya Lucky kutoka kwenye kigari, mzigo uliofika asubuhi hiyo. Tuntufye, mnyapara wao, akasogea, akainama, akaokota saruji, akaipima mkononi.

"Hii imetoka ndani ya hiki?"

"Ndani ya hicho," Andongwisye akasema. "Nimenunua hapa. Nilinunua kwa mkono, na mkono umeniumbua. Mimi, Andongwisye, niliyewakamata wangapi! Chekeni, ni haki yenu. Lakini mawe ni mawe."

Hakuna aliyecheka. Tuntufye akawageukia wenzake, akasema neno moja, "Tueni." Maboksi yakatuliwa chini, hapo hapo barabarani, kwenye vumbi na katikati ya bodaboda. Wachukuzi wakafunga mikono. Madereva wakaanza kupiga honi. Watu wakajaa.

"Oya, zinatoka kiwandani zimefungwa hivyo!" Lucky akapiga kelele, jasho likimtoka. "Mimi nimeleta katoni, sijafungua hata moja! Nyie mnadhani mimi nachanganya saruji?"

"Basi fungua nyingine," Jenista akasema. "Tuone."

Lucky aliingia ndani, akarudi na boksi jingine lenye simba, akalifungua kwa bisibisi ya Jenista mbele ya watu wote. Saruji. Akalitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kejeli. Pengine hakujua kweli. Pengine alijua nusu, akaona ile nusu nyingine haimhusu, kama wengi wetu tunavyofanya biashara ikienda vizuri.

"Gunia na debe," Tuntufye akasema.

Lucky akafungua droo. Akarudisha pesa yote, noti kwa noti, mkononi mwa mzee. "Hiyo ni gunia. Debe ni nini sasa? Nitoe wapi debe la mahindi mimi?"

Andongwisye akamgeukia bintiye. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, wakiwemo wale wateja wawili waliomcheka siku ile.

"Mwenye kujua ni huyu. Jenista, chagua wewe. Mimi ni wa kubeba."

Jenista aliingia dukani alimofanyia kazi ya kivuli, akapita ile kompyuta ya mataa kana kwamba ni ndoo tupu, akasimama mbele ya kabati la kioo. Akanyoosha kidole kwenye ramu, kipande kimoja chembamba, chepesi kama jani.

"Hiyo."

Andongwisye aliipokea kwa mikono miwili. Haikuwa na uzito wowote. "Ndaga," akashukuru kwa Kindali, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nje Tuntufye akapiga mluzi. "Bebeni!" Na maboksi yakapanda mabegani.

* * *

Bana Mwape aliitoa ile pawa saplai ya kijivu chini ya meza bila kuuliza swali. "Niliiweka, batata. Nilijua itamrudisha huyu mtoto." Andongwisye hakuipima. Aliilipia kwa pesa iliyorudishwa na Lucky, akaibeba, akatembea nyuma ya bintiye mpaka nyumbani.

Majirani walikuwa wameshajaa dirishani. Jenista akachomeka nyaya, akachomeka ile ramu mpya kando ya ya zamani. Kama madabodi imeungua, yote hayo yalikuwa kazi bure, na Sikujua amekufa mara mbili. Akabonyeza.

Kimya. Hata feni haikugeuka.

Ferista akafumba macho. Jenista akabonyeza tena. Kimya tena. Mzee akashika ukuta.

"Lakini," Ferista akasema, amefumbua jicho moja, "hicho kiswichi cha hapo nyuma, mbona kimelala upande wa sifuri?"

Jenista akatazama. Akapiga paji la uso. "Mama yangu!" Akakibonyeza, akawasha.

Feni ikazunguka. Skrini ikawaka, picha ya waimbaji wa zambarau ikarudi palepale. Sitawaelezea kelele zilizopigwa katika nyumba ile. Jenista akaagiza mashine ianze upya ile hatua ya mwisho, na asilimia zikaanza kupanda, kumi, ishirini, thelathini, arobaini, watu wakizihesabu kwa sauti kama wanahesabu magunia yanayopanda lori. Ilipofika mia, Osea alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Nimekuja kuuliza tu," akasema. Hakuhitaji kuuliza.

* * *

Jumapili kanisa la Ihanda lilijaa mpaka nje. Mahindi, mikungu ya ndizi na maua vilipangwa mbele, na juu ya madhabahu kitambaa cheupe cha projekta. Andongwisye na Ferista walikaa benchi la nyuma, mzee amevaa koti la harusi yake. Video ikaanza, na watu wakajiona, wakajionyesha vidole, wakacheka, wakaimba na skrini. Wageni wa kwaya ya Hasamba walishaanza kumuuliza Osea, kwa kunong'ona, fundi ni nani.

Wimbo wa mwisho ukaisha, na maandishi yakaanza kupanda taratibu. Andongwisye alisoma polepole, midomo ikitembea. Mtunzi, Osea. Kinanda, fulani. Kisha, kwa herufi nyeupe, wala si za dhahabu: Mhariri, Jenista Andongwisye. Jina la bintiye limelishika lake mkono, mbele ya kanisa zima. Ferista akaanza kigelegele.

"Subiri," mzee akasema. "Kuna jingine."

Mstari wa mwisho ulipanda peke yake, ukasimama katikati ya kitambaa.

Kompyuta: Sikujua, ng'ombe wa baba.

Kanisa likaangua kicheko, halafu kicheko kikawa makofi. Ferista alimshika mumewe mkia wa koti, lakini alichelewa. Andongwisye alikuwa ameshasimama juu ya benchi, machozi yanatiririka, mkono ameunyoosha kuelekea kwenye skrini.

"Ng'ombe wangu huyo!" akapaza sauti. "Ng'ombe wangu huyo, jamani!"